Bibi Mtwangaji Aliyevuka Mto

Bibi yangu alikuwa mtwangaji. Ukimtafuta katika karatasi za mji wetu wa Kindu hutamwona, kwa kuwa karatasi haziandiki watu wanaotwanga mpunga wa wenzao. Hakuwa na parseli, yaani kiwanja chake mwenyewe, hakuwa na duka, hakupigwa picha hata moja. Alipanga chumba nyuma ya nyumba ya mtu, upande wa stesheni, na kila asubuhi alitoka na mchi begani kama mkulima anavyotoka na jembe. Vinu alivikuta huko alikoitwa. Chake kilikuwa mchi tu.

Wako watu mjini kwetu ambao ukikaa nao matangani hawaachi kukuhesabia ukoo. Babu yao alikuwa karani wa reli, baba wa babu yao alifuatana na Waungwana wa misafara ya pwani, shangazi yao alijenga nyumba ya kwanza ya matofali mtaani. Mimi ni fundi cherehani na ulimi wangu hauna akiba, wateja wangu wanaujua, lakini hapo hunyamaza. Niseme nini, kwamba bibi yangu alitwanga? Na nyinyi mlikula wali uliotwangwa na nani, hilo ndilo ningependa kuwauliza, ila matanga si mahali pa ugomvi.

Ninachokumbuka mimi ni kidogo. Nakumbuka pumba kwenye nywele zake. Nakumbuka kwamba mchi ukiwa juu aliuachia, akapiga kofi moja, kisha akaudaka ukishuka. Wanawake wengine walitwanga. Yeye alitwanga na kupiga kofi. Mimi nilikaa karibu na kinu nikipiga chafya kwa vumbi la pumba, naye kila chafya aliijibu, "Ukue!" bila kukosa pigo. Hayo tu ndiyo urithi wangu, na nimeyatumia sana mpaka sijui yapi niliyaona kweli na yapi nimejiongezea kwa hamu ya kumwona.

Vita vilitukuta Kibombo. Mama alikuwa na kawaida ya kwenda kule kwa treni wakati wa mavuno, ananunua mpunga, anarudi kuuza Kindu, na msimu ule alinichukua kwa sababu nililia sana nisiachwe. Bibi alitusindikiza stesheni, mchi wake begani, kwa kuwa alikuwa anapitiliza kazini. Treni ile haikuturudisha. Reli ilikatika, barabara zikawa za wenye bunduki, na sisi tukahama kutoka mjini hadi shambani, kutoka shambani hadi msituni, tukitembea tumeshikana mikono ili tusipotezane. Mama alijaribu kurudi. Kila mara waliotutangulia walirudi mbio wakisema njia imefungwa, au hawakurudi kabisa. Mwishowe akaacha kujaribu, maana alikuwa na mtoto wa kumlinda, na mtoto huyo nilikuwa mimi.

Tulipoingia Kindu tena vita vilikuwa vimetulia, nami nimekua kiasi cha kubeba mzigo wangu mwenyewe. Mwenye nyumba alitupokea mlangoni bila kutukaribisha ndani. Alituambia kwamba bibi kodi ilimshinda, akavuka mto kwenda Alunguli ambako vyumba ni rahisi, na kwamba huko, kama alivyosikia, alifariki. Mama alivuka siku ile ile. Alunguli ya wakati ule nusu ya nyumba hazikuwa na watu, na waliokuwamo walikuwa wageni kama sisi, kila mmoja akitafuta wake. Hakuna aliyejua kaburi. Mama akarudi, akakaza kitenge kiunoni, akaanza kuuza mihogo.

Tangu hapo kila mwaka, kabla ya mwezi wa Ramadhani, mama alipika wali, akawaita majirani, tukamsomea bibi hitima. Wageni walilia kidogo na kula sana, ndivyo ilivyo. Yeye hakulia wala hakula. Wakiondoka alikuwa na neno lake moja: "Alikufa anajua nilimutupa." Nilimwambia mara nyingi kuwa bibi alijua kuna vita. Akanijibu kwamba vita kila mtu anavijua, lakini mama hangojei vita viishe, anangojea mtoto wake afike.

Mwaka jana alikataa kupika. Miguu yake imeanza kuvimba, macho nayo si yale, nikadhani amechoka. "Haiko kuchoka," akasema. "Nitamuombea niseme nini? Nataka nimuombe musamaha pa kaburi, si pa mukeka." Akageukia ukutani. Basi ndivyo nilivyoanza kutafuta ukoo, mimi ambaye nilikuwa nikiwanunia wenye kutafuta ukoo.

Nilianzia ofisi ya mji kama watu wenye adabu. Kijana aliyekuwa mezani aliniuliza namba ya parseli. Nikamwambia hakuwa na parseli. "Sasa alikuwa anakaa wapi?" akauliza, nami nikamjibu jambo ambalo si la kuandikwa hapa. Lakini njiani nilitambua kuwa swali lake halikuwa la kijinga. Maskini wa kijijini ana shamba ambalo watu watakuonyesha hata akifa, wakasema hapa alilima fulani. Maskini wa mjini ni mpangaji. Akitoka chumbani anaingia mpangaji mwingine, na ufagio wa huyo wa pili unamaliza habari za wa kwanza. Kilichobaki ni midomo ya watu. Kuuliza si ujinga, nikajiambia, na kila Jumatatu nikawa nafunika cherehani, navuka kwa mtumbwi wa injini, natembea Alunguli kutoka bustani hadi bustani nikiuliza habari za mama mmoja wa zamani aliyekuwa akitwanga na kupiga kofi.

Wengi walinihurumia. Wengine walidhani natafuta mdeni. Wa kwanza kumkumbuka alikuwa mzee mmoja fundi wa baiskeli, niliyemkuta mbele ya nyumba yake akiziba mpira.

"Ule wa kofi? Namujua," akasema. "Wakati wa vita alikuwa anapita hapa kila siku. Watu hawakuweza tena kufika pa mashamba, mupunga ukaisha, akabaki kutwanga sombe ya watu, majani ya muhogo tu." Akaupulizia mpira. "Lakini unazunguka bure, mama. Binti yake si iko? Uende umuulize yeye."

"Binti yake gani, papa?"

Akalitaja jina la mama yangu. Jina lenyewe sitaliandika. Ni la kawaida, ukiliita sokoni wanageuka wengi. Lakini kulisikia likitoka kinywani mwa mtu nisiyemjua kulinigusa moyo. Nilicheka kwa furaha.

"Papa, huyo njo mama yangu! Nimemuacha kwetu asubuhi anakunywa chai."

"Anakunywa chai wapi? Jana nimemuona na beseni ya mihogo, kule karibu na chemchemi."

"Haiwezekani. Miguu yake haimufikishi hata barabarani."

Aliniangalia kutoka kichwani hadi viatuni. "Kama unamujua kunipita, unaniuliza nini?" Akarudi kwenye mpira wake, na nilipoaga hakuitika.

Nilimweka katika fungu la wazee ambao akili zao zimeanza kutembea zenyewe. Lakini Jumatatu iliyofuata mama mmoja muuza mawese akaniambia vilevile: alitwanga, alipiga kofi, na binti yake, akalitaja jina, anakaa karibu na chemchemi. Huyu hakuwa mzee. Nikamsahihisha naye. Mimi ni mtu wa kusahihisha, iwe mshono iwe maneno. Nikamweleza polepole kama mwalimu kwamba anachanganya, labda alimsikia bibi akimtaja binti yake, basi jina likamkaa kichwani. Akafunga chupa yake, akaniambia nisimfukuzie wateja.

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Kaburi sikuliona, lakini nilikuwa na zawadi. "Mama," nikasema hata kabla sijavua viatu, "Alunguli hawajakusahau. Nimekutana na watu wanakutaja kwa jina."

Alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Wananitaja miye?"

"Wewe. Binti wa mama wa kutwanga."

"Miye sijakaa Alunguli hata siku moja," akasema. "Yeye alivuka sisi tuko Kibombo. Watanijulia wapi?"

Tulitazamana. Kwetu jina la mtu hupewa mtoto mwingine, tena ni heshima, na wenye jina moja huitana somo. Lakini mzazi hampi mtoto wa nyumba yake jina la mwanawe aliye hai. Akiita, aitike nani? Mama akilitoa tena jina la mwanawe, maana yake mwenye jina amekwisha kuzikwa. Hili hata mtoto mdogo wa Kindu analijua, na mimi mjuaji nilipita juu yake mara mbili nikiwasahihisha watu waliokuwa wananiambia ukweli.

Mama alimwaga mchele uliochambuliwa juu ya ule ambao haujachambuliwa, akaondoka.

Kesho yake sikungoja Jumatatu. Karibu na chemchemi palikuwa na nyumba ya udongo, imesiribwa vizuri, na kabla sijamwona mtu niliusikia mchi nyuma yake: pigo, kofi, pigo, kofi. Nilishika ua wa miti nikalia kabla hata sijapiga hodi, jambo ambalo si desturi yangu.

Aliyekuwa anatwanga ni mwanamke wa rika langu, mfupi, mwenye mabega ya kazi. Alinipa kiti, akanipa maji, kisha ndipo akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia namtafuta mama mmoja wa kutwanga, wa wakati wa vita.

"Alikuwa mama yangu," akasema. "Hakunizaa. Watu walikuwa wanakimbia, wanatoka njia ya Punia, na miye mudogo kati yao, sikujua nani wangu. Alinikuta naokota punje zilizoruka kutoka pa kinu alikuwa anatwangia. Akaniuliza jina, sikulijua. Muda murefu aliniita tu 'mutoto'."

"Halafu?"

"Halafu mutu mumoja wa kubeba mizigo na baiskeli akatoka Kibombo, akaleta habari, akasema kule binti yake na mujukuu wake walikokuwa, nyumba zote ziliungua, hakuna mutu alitoka. Mama akaweka muchi chini. Akakaa matanga, akanyoa nywele, majirani wakasoma hitima ya wale wawili. Matanga ilipoisha akaniogesha, akanipa jina la binti yake." Alipangusa mchi kwa kiganja. "Ule mujukuu alikuwa mukubwa kama miye hivi. Alilia asiachwe, njo maana akaenda kufia kule. Mama alikuwa anarudilia neno hilo kila mara."

"Dada," nikamwambia, "hakufa. Njo mimi."

Kwanza aliangalia miguu yangu. Watu husema jini anaweza kujigeuza kote isipokuwa miguuni. Alipoona ni vidole vya kawaida, tena vya matope, alikaa chini palepale penye pumba. "Na yaya?" akauliza kwa sauti ndogo. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, na ilinichukua muda kuelewa kuwa anamuuliza mama yangu.

"Iko," nikasema. "Iko muzima. Ni miguu tu inamusumbua."

Akajifunika uso kwa kitenge, nikamsikia ndani ya kitambaa akirudia: iko, iko, iko.

Alinionyesha kaburi. Lilikuwa nyuma ya nyumba, mpakani na bustani ya mchicha, kwa sababu siku zile njia ya makaburini haikupitika na watu walizikwa walipokaa. Bibi alipofariki, jirani mmoja alimchukua msichana huyu akaondoka naye, ndiyo maana mama alipovuka kuuliza hakumkuta. Akakulia mbali. Alipoolewa alimwambia mumewe kwamba yeye hatakaa popote isipokuwa Alunguli, wakarudi, wakaomba kupanga nyumba ile ile. Ni mpangaji na yeye. Lakini kaburi limezungushiwa vipande vya matofali, na ardhi yake imefagiliwa kama uwanja wa nyumba inayongoja wageni.

Nitasema ukweli: nilimwonea wivu. Nilipokuwa kwenye mtumbwi wa kurudi, nilimwonea wivu njia nzima. Alikuwa na kofi la bibi mikononi mwake, na mimi mikono yangu inajua sindano tu. Aliogeshwa naye, aligombezwa naye, alimlaza bibi alipougua. Yale yote ambayo mimi na mama tungeyapata, yeye aliyapata kwa niaba yetu, na hakuna mahali pa kwenda kudai. Halafu nikakumbuka kuwa hajui hata jina alilopewa na mama aliyemzaa, nikaona aibu kidogo. Wivu haukuisha.

Nilimweleza mama kila kitu isipokuwa jibu la lile neno lake la kutupwa, maana kule sikuthubutu kuuliza, na si mimi niliyepaswa kuliuliza. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo alinisomea hitima," akasema, "na miye namusomea yeye." Hakulia. Aliomba maji ya kuoga.

Tulimvusha Ijumaa. Kutoka nyumbani hadi mtoni alikaa juu ya pikipiki amenikumbatia kiunoni, yeye aliyeapa hatapanda pikipiki maisha yake yote, na kwenye mtumbwi alikaa katikati, ameshika magoti, akitazama mbele. Mwanamke yule alitungoja chini penye gati la mitumbwi. Alipiga goti kwenye matope kumwamkia. Mama alimwinua, akamtazama usoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta uso mwingine ndani ya ule, kisha akamshika mkono, na hakuuachia tena mpaka nyumbani.

Hakutaka kiti wala maji. Alitaka kaburi. Tulipofika pale alisimama, na kabla ya Fatiha, kabla ya chochote, alimgeukia mwenzake.

"Uniambie ukweli. Alisema nilimutupa?"

"Hapana, yaya."

"Usinifiche."

"Sikufichi. Majirani njo walimuambia hivyo. Walisema labda umepata maisha kule, umesahau. Akawafukuza na muchi. Akasema, 'Namujua mwanangu. Angekuwa muzima, angekuwa amefika.' Njo maana aliamini ule mutu wa baiskeli wa Kibombo."

Nilidhani neno hilo litamwondolea mzigo. Lilimwondolea, na lilimwangusha. Mama alikaa chini akalia kilio ambacho hatukuwahi kukisikia katika hitima zote zile. Nilielewa alichokuwa ameelewa yeye: bibi alipewa kuchagua kati ya mtoto aliyekufa na mtoto aliyemsahau, akaona afadhali amzike kuliko kumdhania vibaya. Alimwamini mwanawe kiasi hicho. Na huku mama yangu alikuwa hai muda wote ule, upande wa pili wa reli iliyokatika, akijaribu njia.

Aliweka viganja juu ya udongo. "Mama," akasema, "njo miye. Sikufa. Nilichelewa tu." Ndipo tukasoma Fatiha, na mume wa mwenyeji wetu akaomba dua kwa sauti, tukaitikia amina.

Baadaye tulikaa kwenye mkeka kando ya mchicha. Mwenyeji alituletea wali na sombe. Mama alikula. Aliuliza mambo madogo madogo: bibi alikuwa anakohoa, alikuwa na shuka, alipenda bado samaki wa kukaushwa? Mwenzake alijibu yote. Kisha mama akachezea ncha ya kitambaa chake.

"Hilo jina letu," akasema, "alikuwa analiita namna gani?"

"Namna gani vipi, yaya?"

"Wewe uko mbali, yeye iko hapa. Alikuwa anakuita namna gani?"

"Alikuwa anaita kwa urefu. Mpaka kule chini walikuwa wanamusikia."

"Uite."

Mwanamke aliniangalia mimi, akaangalia chini. Si adabu kumwita mkubwa wako kwa jina tupu, achilia mbali kulipaza. Alitikisa kichwa. Mama akamshika goti. "Uite, nakuomba. Vile yeye alikuwa anaita."

Basi akainuka. Akaenda akasimama penye kinu, akatugeuzia mgongo kwa haya, akaweka mkono kando ya mdomo, akaliita. Lilianza chini, likavutwa katikati, likamalizikia juu, kama swali lenye hasira kidogo na mapenzi mengi, sauti ya mtu anayetaka mtoto arudi nyumbani sasa hivi.

Mama yangu, mwenye wajukuu, mwenye miguu iliyovimba, alikwishainuka kutoka kwenye mkeka.

"Naam, mama," akaitika.